Pesa yangu ikiwa kwenye tili, ni nani anayeishika?

*"Mimi nauza omena pale Kibuye, Kisumu, jumla na rejareja. Wateja wangu wengi wanatoka Luanda na Mbale kule Vihiga, na siku hizi hawabebi pesa mkononi. Mpaka sasa wananitumia kwa laini yangu ya kawaida. Binti yangu anasema nichukue tili, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya M-Pesa. Jirani yangu wa kibanda anasema nikithubutu, KRA, wale watu wa kodi, wataanza kunikata kila siku, na kampuni ya simu ikianguka pesa yangu inaenda nayo. Mwezi uliopita mteja alichukua magunia mawili, akanionyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, nikamwachia mzigo. Jioni nikaona hakuna kilichoingia. Tena nasikia serikali inataka kuondoa noti kabisa. Nichukue tili au nibaki nilivyo? Na ile hasara naweza kuirudisha?"*

Pole sana kwa magunia hayo, mama. Nitaanza nayo kwa sababu ndiyo yanayokuuma.

Ulichoonyeshwa hakikuwa pesa. Kilikuwa maandishi kwenye simu ya mtu mwingine. Pesa ya simu imekufikia pale tu salio lako linapopanda na ujumbe unapoingia kwenye simu yako wewe, mtumaji akiwa ameandikwa MPESA. Wakora huchukua ujumbe wa kweli wa zamani, wakabadilisha kiasi, jina na tarehe, wakaacha ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi ili uonekane halisi. Wengine hukutumia huo ujumbe kabisa, na wewe ukiangalia juu yake utaona umetoka kwa namba ya simu kama ya mtu yeyote. Siku ya soko Kibuye, gari linapiga honi, boda amewasha pikipiki, mteja anakuambia amechelewa. Hiyo haraka ameipanga. Mzigo usiondoke kibandani kabla simu yako haijasema. Akikuonyesha simu yake mwambie kwa upole kwamba unangoja yako. Mteja mwaminifu haoni aibu kungoja dakika moja.

Kuhusu kuirudisha, nitakuambia ukweli usioupenda: kampuni ya simu haiwezi kukurudishia, kwa sababu hakuna muamala uliofanyika. Hakuna cha kugeuza. Hii ni kesi ya mtu aliyejipatia mali kwa udanganyifu, na kesi hiyo ni ya polisi. Nenda kituoni, uandikishe, upewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Beba namba yake ya simu, ujumbe ule ikiwa alikutumia, na miamala yoyote ya nyuma mliyowahi kufanya, maana hiyo ina jina lake lililosajiliwa. Ikiwa unamjua alipo, kuna pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na huhitaji wakili. Ulizia dirishani katika mahakama za Kisumu. Usimfuate peke yako wala usitume vijana.

Sasa tuje kwa jirani yako. Hasemi uongo, ila anachanganya watu watatu wenye kazi tofauti. Kampuni ya simu inapeleka pesa. Benki Kuu inaisimamia kampuni hiyo. KRA inadai kodi kwa biashara, hata kama hiyo biashara haijawahi kuona simu. Ukiwatenganisha hao watatu, woga mwingi unaisha wenyewe, na ule unaobaki ni wa haki.

Tuanze na pesa yenyewe. Mteja wako wa Luanda akikulipa shilingi 10,000, hakuna noti inayosafiri kutoka Luanda hadi Kibuye. Kinachobadilika ni hesabu: kwake zinapungua, kwako zinaongezeka. Noti ziko wapi basi? Siku alipoweka pesa kwa wakala, wakala alichukua zile noti na kumpa sehemu ya floti yake, yaani ile pesa ya simu anayofanyia kazi. Floti hiyo wakala aliinunua kwa kuweka pesa halisi benki, katika akaunti maalumu ya amana. Kwa hiyo kila shilingi unayoiona kwenye simu ina mwenzake amelala benki. Ni kama mkulima aliyeweka mahindi ghalani akapewa stakabadhi: stakabadhi inaweza kupita mikono kumi, magunia hayajasogea, na mwenye ghala hana ruhusa ya kuyauza.

Hilo la ruhusa ndilo jibu la jirani yako. M-Pesa ilianza Machi 2007 kabla hatujawa na sheria yoyote mahsusi ya mambo haya. Benki Kuu iliiruhusu ianze huku ikiitazama kwa karibu, na mojawapo ya masharti ilikuwa pesa za wateja zisikae katika vitabu vya kampuni. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Malipo ilikuja 2011, na kanuni zake 2014. Kanuni hizo zinataka pesa za wateja zishikwe na mdhamini, mbali kabisa na mali ya kampuni. Kwa M-Pesa mdhamini huyo anaitwa M-PESA Holding Company. Kampuni ya simu hairuhusiwi kuzikopesha, kuzichanganya na zake, wala kulipia madeni yake. Hata riba inayozaliwa huko benki si yake. Inatakiwa iende kwa kazi za hisani. Ikifilisika kesho, wadai wake hawana haki ya kugusa salio lako.

Je, hakuna hatari kabisa? Ipo, ila si ile aliyokutajia. Pesa za amana zinakaa katika benki za kawaida, na benki huanguka. Hapa kwetu Dubai Bank na Imperial Bank ziliwekwa chini ya usimamizi 2015, Chase Bank ikafuata 2016. Ndiyo maana pesa za amana zikiwa nyingi kanuni zinataka zigawanywe katika benki kadhaa, zisiwe zote mahali pamoja. Hatari ya pili ni ya kila siku zaidi: mtandao kupotea. Mimi sioni ulinzi wa sheria ukikusaidia saa ile mfumo umelala na mwenye boti kule ufuoni anataka kulipwa, kwa hiyo weka noti kidogo daima. Na kama una laini ya zamani yenye salio ulilolisahau, pesa iliyokaa bila kuguswa muda mrefu hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali ya Kifedha Isiyodaiwa. Haijapotea. Piga *361# uone kama kuna yako huko.

Naja kwa KRA, na hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo wafanyabiashara wengi wa soko wanapopotoshwa kwa pande zote mbili: wengine wanatishwa bure, wengine wanatulizwa bure.

Kuna ushuru unaokatwa kila siku, ndiyo, lakini haukatwi kwenye mauzo yako. Unakatwa kwenye ada ya kutuma. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023 ushuru huo ni asilimia 15 ya ada, na tayari umo ndani ya bei unayoiona. Mtu akituma shilingi 1,000 na ada ni 13, serikali inachukua sehemu ya hizo 13. Zile 1,000 zinafika zote. Mwaka 2024 kulikuwa na pendekezo la kuupandisha hadi asilimia 20, na mswada ule ukaondolewa baada ya maandamano ya Juni. Nadhani uvumi wa "wanakata kila siku" ulikolezwa sana wakati ule.

Kodi ya biashara ni jambo jingine. Haizaliwi na tili. Ukiuza omena kwa noti, kwa laini yako, kwa tili au kwa kubadilishana na mahindi, mauzo ni mauzo. Ikiwa mauzo yako ya mwaka yako kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25, sheria inakuweka katika kodi ya mauzo ghafi, asilimia 3, inayolipwa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Milioni moja kwa mwaka ni kama shilingi 2,740 kwa siku. Mama anayeuza kwa gunia anaivuka bila kujua. Tili haikuingizi kwenye kodi hiyo. Inachofanya ni kuacha kumbukumbu. Na laini yako ya kawaida inaacha kumbukumbu zilezile. Kamishna ana mamlaka ya kisheria ya kudai rekodi, na mtu akishathibitishwa kuwa na deni la kodi asilipe, anaweza kuagiza aliyeshika pesa zake azitoe. Hiyo ni baada ya barua, madai na nafasi ya kupinga. Si mkono unaoingia mfukoni kila jioni.

Kuna hesabu moja ambayo kila muuza samaki anapaswa kuifanya. Ile asilimia 3 hutozwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Tuseme umeuza omena ya milioni 2 kwa mwaka, na baada ya kununua, kusafirisha na kulipa kibanda unabaki na shilingi 80 kwa kila 1,000. Faida yako ni 160,000. Kodi ya mauzo ghafi ni 60,000, zaidi ya theluthi ya jasho lako. Lakini sheria inakuruhusu kumwandikia Kamishna ukichagua kutozwa kodi ya kawaida ya mapato, kwa faida. Huko, shilingi 288,000 za kwanza za mwaka hutozwa asilimia 10, yaani 16,000 kwa hiyo faida yako, na kila mkazi ana punguzo la shilingi 28,800 kwa mwaka. Kodi yako inakuwa sufuri. Bado utawasilisha ritani kila mwaka kabla ya Juni kwisha, maana ukichelewa faini yake inaanzia shilingi 2,000 hata kama huna kodi ya kulipa.

Tatizo la njia hiyo ni kwamba lazima uthibitishe gharama. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, inaweza kukataliwa, na mvuvi wa Usenge hakupi ankara. Hapa ndipo ninapokutuma kwa mtu ana kwa ana: nenda dawati la KRA katika Huduma Centre hapo Kisumu, uwaulize jinsi mnunuzi anavyoweza kumtengenezea ankara muuzaji mdogo, na ubebe daftari lako la ununuzi. Viwango vya kodi hubadilika kila Sheria ya Fedha mpya inapopita, kwa hiyo waulize na vya mwaka huu. Usimlipe mtu wa mtaani anayekuambia "nitakusaidia na KRA" kabla hujafika hapo mwenyewe.

Jambo linaloniuma katika swali lako ni lile dogo, kwamba wateja wanakutumia kwa laini ya kawaida. Humo humo nina hakika mnapita mchango wa chama, ada ya mtoto, pesa aliyokutumia kijana wako kutoka Nairobi, labda na mkopo. Mtu akija siku moja kuhesabu mauzo yako kwa kutazama kilichoingia, vyote vinafanana na omena. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kukubaliana na binti yako, kuliko hata bei.

Bei nayo iko upande wake. Kwa viwango vilivyotangazwa 2023, mteja akikutumia 10,000 kwa laini ya kawaida anakatwa 90, na najua wapo wanaozitoa kwenye bei yako. Akilipa kwa tili, yeye hakatwi chochote. Wewe unakatwa takriban nusu asilimia, shilingi hamsini na kitu kwa hizo 10,000, na malipo ya hadi shilingi 200 hayakatwi. Wateja wa gorogoro moja hawatakugharimu karibu kitu. Kuna pia Pochi la Biashara, ambayo inatenganisha pesa ya biashara na yako kwenye laini ileile, huku mteja akilipa ada kama ya kutuma. Inamfaa muuzaji wa rejareja mdogo. Wewe unayeuza kwa magunia, tili inakufaa zaidi. Hasara hujificha kwenye kutoa: shilingi 10,000 kwa wakala hukatwa 115. Ukitoa kila jioni utaona tili ni mbaya, kumbe ni ile safari ya kwa wakala. Lipa wenye boti na wasafirishaji moja kwa moja kutoka kwenye simu kadiri wanavyokubali, toa tu ile inayobaki.

Wateja walio na laini ya Airtel wasikusumbue. Kutumiana kati ya mitandao kulifunguliwa 2018 kwa msukumo wa Benki Kuu, na kuanzia Aprili 2022 wateja wa mitandao mingine wakaweza kulipa kwenye tili za Lipa na M-Pesa. Huhitaji kubeba simu tatu.

Serikali kuondoa noti? Hapana, hakuna sheria hiyo. Noti na sarafu za Benki Kuu ni pesa halali kisheria. Kwamba serikali inasukuma watu upande wa simu, hilo ni kweli, na haijifichi. Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu ilipanga ada ziondolewe kwa miamala ya hadi shilingi 1,000, mpaka mwisho wa mwaka ule. Wengi wa wateja wako walizoea simu wakati huo. Mwaka 2022 ikatoa Mkakati wa Kitaifa wa Malipo. Mwaka 2023 huduma za serikali zikaelekezwa kwenye Paybill moja, yaani namba moja ya kulipia, 222222. Mimi naunga mkono malipo ya simu, lakini naamini msukumo huu unafaa tu unapomrahisishia mtu, na historia yetu inanipa sababu. Mwaka 2014 matatu ziliamriwa ziache kupokea noti ifikapo Julai 1, abiria watumie kadi. Haikufanikiwa. Kadi ilimhitaji abiria ajaze pesa mapema, na makanga alihitaji noti ya mafuta saa hiyo hiyo. Leo makanga huyohuyo anakutajia namba yake ya simu bila kuamriwa na mtu. Na agizo la ada za shule kulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lilipofika mahakamani, Mahakama Kuu ililikataa Aprili 2025. Mojawapo ya malalamiko ilikuwa ile ada ya shilingi 50 iliyoongezwa juu ya kila malipo. Kwa hiyo ukisikia amri mpya sokoni, uliza imeandikwa wapi. Ada yoyote mpya una haki ya kuambiwa ni ya nani na kwa sheria gani.

Ukishachukua tili, hatari itahamia mahali pengine, na ni lazima uijue. Hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote atakayekupigia akuulize PIN. Akikupigia mtu analia kwamba amekutumia kimakosa, usimrudishie kwa kutuma upya, hata salio likiwa limeongezeka kweli. Mwambie apeleke ujumbe wake 456 aombe igeuzwe, nawe ukiulizwa ukubali. Ukimtumia mwenyewe, anaweza kuchukua yako kisha akaomba na ile ya kwanza igeuzwe. Ila pesa ya mtu ikiingia kwako kimakosa kweli, usiitumie: kuificha ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, faini hadi shilingi 200,000 au kifungo hadi miaka miwili. Piga pia *100*100# ufunge uhamishaji wa laini yako, ili asitokee mtu wa kuihamishia kwenye kadi yake bila wewe kufika dukani.

Na pesa ikitoka bila wewe kuitoa? Piga simu kwa kampuni saa hiyo hiyo, kabla hujamwambia yeyote, kwa sababu ikiwa bado haijatolewa kwa wakala inaweza kuzuiwa. Dai namba ya malalamiko na uiandike. Kanuni za 2014 zinailazimu kampuni iwe na utaratibu wa kusikiliza malalamiko na kuyajibu. Ikikuzungusha, andika barua kwa Benki Kuu. Ina tawi hapo Kisumu. Ambatanisha namba ya malalamiko, namba ya muamala na ya OB. Lakini ikiwa PIN uliitaja wewe mwenyewe kwa mdomo wako, sheria inakusaidia kidogo sana, na sitaki nikupe tumaini la uongo.

Kwa hiyo fanya hivi, mama. Wiki hii nenda kituo cha polisi kuhusu magunia yale. Kisha nenda na binti yako kwenye duka rasmi, si kwa mtu wa mwavuli, mkiwa na kitambulisho chako, mchukue tili kwa jina lako wewe na namba ya kuisimamia iwe laini inayokaa mkononi mwako. Binti akusaidie kusoma taarifa za mwezi, lakini PIN ibaki yako. Mwisho wa mwezi wa kwanza chukua taarifa ya tili na daftari la ununuzi, uone unabaki na shilingi ngapi kwa kila 1,000. Ukiwa na namba hiyo ndipo uende dawati la KRA uchague njia ya kodi.